Safu ya Lugha: Jaribio, mtihani na majaribu

Wanafunzi wa kompyuta hapa Voi wanaoanza kutumia Selenium, zana ya kujaribu programu za wavuti aliyoibuni Jason Huggins mjini Chicago mwaka 2004, husema wanaipa programu “mtihani”. Sivyo. Mtihani ni wa mtu, uwe wa darasani au wa maisha, kama wasemavyo watu wa Pwani. Programu hufanyiwa jaribio, kutokana na kitenzi jaribu, chenye asili ya Kiarabu kama mtihani: unaandika hatua, kivinjari kinabofya na kujaza fomu chenyewe, kisha matokeo yanalinganishwa na yaliyotarajiwa.

Wingi wake ni majaribio. Majaribu ni mengine kabisa, yale yaliyompata Ayubu! Ukaguzi nao tuwaachie wahasibu. Anayeanza aandike jaribio moja la ukurasa wa kuingilia, aliendeshe, ndipo aongeze la pili.