Maharamia: Habari za Hadithi na Habari za Kweli

Watu wengi hudhani kwamba maharamia walikuwa mashujaa wa baharini, waliozika dhahabu visiwani na kuchora ramani ya mahali pake. Dhana hiyo ilienezwa sana na kitabu cha Robert Louis Stevenson kiitwacho Treasure Island, kilichotolewa mwaka 1883. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si tarikhi. Basi na tutazame habari za haramia mmoja, Mwingereza Henry Every, tupate kujua mambo yalivyokuwa.

Mwaka 1694 Every alikuwa msaidizi wa nahodha katika merikebu iliyotia nanga Corunna, nchi ya Hispania. Mabaharia walikuwa wamekaa miezi mingi pasipo kulipwa mshahara wao. Ndipo walipoasi, wakaiteka merikebu usiku, wakamchagua Every awe nahodha. Hudhaniwa kwamba nahodha wa maharamia alitawala kama mfalme. Kumbe aghalabu alichaguliwa na watu wake, na nyara ziligawanywa kwa mapatano. Mara nyingi yeye alipata mafungu mawili, na baharia fungu moja.

Wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakapita Bukini, wakafika Nzwani katika visiwa vya Komoro, kisha wakaenda kuvizia penye mlango wa Bahari ya Sham. Mwezi wa Septemba 1695 waliishambulia Ganj-i-Sawai, merikebu ya Sultani Aurangzeb wa Bara Hindi, iliyokuwa ikirudi Surat na mahujaji waliotoka Makka. Mzinga mmoja wa merikebu hiyo ulipasuka, ukawaua watu wake wenyewe, na maharamia wakapanda. Kwa muda wa siku kadhaa waliwatesa mahujaji ili waonyeshe mali zao, wakawavunjia wanawake heshima. Yasimuliwa kwamba baadhi ya wanawake walijitosa baharini kuliko kushikwa. Hadithi za maharamia huwa haziwataji watu hao.

Sultani alighadhibika mno. Waingereza wa kampuni ya biashara huko Surat wakatiwa gerezani, ijapokuwa hawakushiriki katika tendo lile. Serikali ya Uingereza ikaahidi pauni 500 kwa atakayemkamata Every.

Na dhahabu je? Haikuzikwa. Waligawana, wakatawanyika. Mmoja wao alikamatwa Uingereza kwa sababu mtumishi wa nyumba ya wageni aliona dhahabu iliyoshonewa ndani ya vazi lake. Watano walinyongwa London mwezi wa Novemba 1696. Every mwenyewe hakukamatwa kamwe.

Kwa hiyo twaona kwamba maharamia hawa walikuwa watu waliodhulumiwa kwanza, kisha wakawa madhalimu. Deni la mshahara wao lilikuwa kwa matajiri wa merikebu. Walioagizwa kulilipa walikuwa mahujaji wasio na kosa lo lote. Tuisomapo hadithi ya haramia, tuwakumbuke na hao.