Mafuriko ya ghafla West Nile: Kwa nini vijito ni hatari na jinsi ya kujikinga

Msimu wa mvua unapokolea katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, vijito vilivyokuwa vyembamba wakati wa kiangazi vinaweza kugeuka mito kwa muda wa saa moja au chini yake. Kwa wakazi wa Lurujo na vijiji vingine vya upande wa Arua na Koboko, swali la usalama mara nyingi huwakuta njiani: kuvuka sasa, au kusubiri? Makala haya yanaeleza jinsi mafuriko ya namna hiyo yanavyotokea, yale yaliyowahi kutokea Uganda na nchi jirani, na hatua ambazo kaya, shule na madereva wanaweza kuchukua.

Kwa nini maji hupanda kwa kasi

Mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo upande wa Arua unafuata mgongo wa ardhi unaotenganisha bonde la Mto Nile na lile la Mto Kongo. Mvua inayonyesha mashariki mwa mgongo huo huteremkia Nile. Mji wa Arua uko katika mwinuko wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ilhali Pakwach, ulio kando ya Nile, uko katika mwinuko wa takriban mita 620. Mito kama Enyau, Kochi na Ora, pamoja na vijito vyake vingi, hushuka mteremko huo.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mvua ya milimita 50 humwaga lita 50 za maji katika kila mita moja ya mraba. Katika eneo la kilomita moja ya mraba, hizo ni lita milioni 50. Penye miti, nyasi na ardhi oevu, sehemu ya maji hayo hunywewa na udongo na kuachiliwa polepole. Ardhi ikiwa imeshindiliwa na magurudumu, imefyekwa, au imefunikwa kwa mabati na lami, sehemu kubwa ya maji hayo hukimbilia bondeni kwa wakati mmoja.

West Nile hupata mvua kuanzia mwishoni mwa Machi au Aprili hadi Novemba, na miezi ya Agosti hadi Oktoba huwa na mvua nyingi zaidi. Kufikia wakati huo udongo umekwisha kushiba maji, hivyo hata mvua ya wastani yaweza kuleta mafuriko. Aidha, mvua iliyojaza kijito huenda imenyesha mbali. Anga la mahali ulipo laweza kuwa jeupe, kumbe maji ya matope yako njiani kutoka vilimani.

Aina mbili za mafuriko

Ni muhimu kutofautisha aina mbili za mafuriko, kwa sababu kila moja inahitaji maandalizi yake.

Ya kwanza ni mafuriko ya polepole ya maziwa na Mto Nile wenyewe. Baada ya mvua nyingi za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, kina cha Ziwa Victoria kilichopimwa Jinja kilifikia mita 13.42 mwezi Mei 2020, na kuipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Maji hayo yaliteremka kupitia Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, na wakazi wa kando ya Nile katika wilaya kama Pakwach na Obongi wakalazimika kuhama. Mafuriko ya aina hii huchukua wiki au miezi. Huharibu makazi, mashamba na vituo vya feri, lakini kwa kawaida huacha muda wa kuondoka.

Aina ya pili ni mafuriko ya ghafla, na hayo hayatoi muda. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mvua kubwa ilisababisha mito Nabuyonga na Namatala kuvunja kingo zake katika mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Watu zaidi ya 20 walifariki dunia. Mbale, kama ilivyo Arua, ni mji uliokua kando ya mito inayotoka kwenye ardhi ya juu, na mito hiyo hupita katikati ya makazi na masoko.

Kuvuka ndiko kunakogharimu maisha

Watu wengi wanaokufa katika mafuriko ya ghafla hufikwa na mauti wakiwa safarini, wakijaribu kuvuka maji. Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji katika Mto Enziu, karibu na Mwingi, nchini Kenya. Basi lilisombwa na zaidi ya watu 30 wakafa, huku watu waliosimama ukingoni wakishuhudia.

Mwanzoni mwa Novemba 2024, Mto Tangi ulifurika na kufunika daraja katika barabara ya kuelekea Pakwach, ambayo ndiyo njia kuu ya kuingia West Nile kutoka Kampala. Serikali iliifunga barabara hiyo, na wasafiri wakalazimika kutumia njia ndefu zinazotegemea feri. Hasara ya biashara na muda ilikuwa kubwa, lakini kufunga barabara ndiyo hatua inayozuia janga kama lile la Enziu.

Wataalamu wa usalama wanaeleza kuwa maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zatosha kuinua gari dogo, na sentimita 60 zaweza kusomba magari mengi, yakiwemo makubwa ya familia. Isitoshe, maji ya matope huficha kilicho chini yake. Daraja linaweza kuonekana limefunikwa kidogo tu, kumbe udongo ulio nyuma ya kalavati umekwisha kuchukuliwa.

Kwa sababu hiyo, kanuni zifuatazo zinapaswa kufahamika kwa kila msafiri, dereva na mwendesha bodaboda:

- Usivuke kwa miguu, pikipiki wala gari mahali ambapo huoni sakafu ya daraja au barabara.
- Usiamini kwamba ni salama kwa kuwa mwenzako amevuka. Maji huweza kupanda katika dakika chache.
- Abiria ana haki ya kumwambia dereva asimame, na ya kushuka.
- Watoto wa shule wasiachwe wavuke peke yao. Mvua ikinyesha jioni, ni heri walimu wawazuie shuleni, au walale kwa jamaa aliye upande huu wa mto, kuliko kuwahi nyumbani.
- Usikae wala kuegesha gari ndani ya bonde la mto mkavu mvua inapoonekana vilimani.
- Gari likizimika ndani ya maji yanayopanda, toka mapema uelekee mahali pa juu. Usirudi kuchukua mizigo.
- Mtu akisombwa, mrushie kamba, mti au dumu tupu lililofungwa. Wengi wanaoruka majini kuokoa huzama pia.

Dalili za kuangalia

Mkazi wa kando ya kijito anaweza kupata onyo hata bila simu wala redio. Maji yanayobadilika ghafla kutoka meupe na kuwa ya udongo, majani na vijiti vinavyoelea kwa wingi, na ngurumo ya maji kutoka upande wa juu ni ishara kwamba wimbi linakuja. Ishara hizo zikionekana, ondoka mtoni mara moja, iwe ulikuwa ukiteka maji, ukifua au ukichimba mchanga.

Kwa upande wa utabiri, idara ya hali ya hewa ya Uganda hutoa taarifa za msimu, na kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, ICPAC, hutoa utabiri wa kanda nzima. Taarifa ya msimu husaidia kupanga kilimo na kuzibua mitaro. Haiwezi kumwambia mtu wa Koboko kwamba kijito chake kitajaa saa kumi jioni. Onyo la saa hiyo hutoka kwa jirani wa upande wa juu. Vijiji vinavyoshiriki mto mmoja vinaweza kukubaliana juu ya ngoma, filimbi au simu ya kupeana habari. Onyo hilo litolewe kwa lugha zinazoeleweka mahali hapo, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili, na liwafikie pia wakimbizi katika makazi kama Lobule, Imvepi na Rhino Camp.

Radi huja pamoja na mvua

Katika dhoruba, mahali pa kujisitiri nako kunahitaji uangalifu. Mwezi Agosti 2020, watoto 10 waliokuwa wamejikinga kibandani baada ya kucheza mpira waliuawa na radi huko Arua. Novemba 2, 2024, watu 14 walipoteza maisha na wengine 34 kujeruhiwa radi ilipopiga jengo la mabati walimokusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo.

Kibanda, mti mkubwa na banda la mabati lisilo na kinga ya radi huzuia mvua, lakini si radi. Jengo kubwa la kudumu au gari lenye paa la chuma lililofungwa milango na madirisha ni salama zaidi. Michezo na ibada za uwanjani zikomeshwe ngurumo ya kwanza inaposikika, na watu wasubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa na kupewa huduma ya kwanza bila hofu, na akiwa hapumui akandamizwe kifua mara moja wakati msaada ukitafutwa.

Baada ya maji kupungua

Mafuriko huchanganya maji ya visima na chemchemi na uchafu wa vyoo vya shimo, na hapo ndipo kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara hupata njia. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoelekezwa. Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe. Kuta za udongo huweza kuanguka siku kadhaa baadaye, kwa hiyo zikaguliwe kabla familia haijarudi kulala ndani. Nyaya za umeme zilizoanguka zisiguswe.

Wajibu wa jamii na mamlaka

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na mwambao wa maziwa zinatenga ukanda wa hifadhi wa mita 100 kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine. Ukanda huo ukilimwa au kujengwa, kingo hulegea, na nyumba huwa za kwanza kufikiwa na maji.

Usafi wa mitaro na makalavati nao ni suala la maisha. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yaliporomoka karibu na Mai Mahiu, Kenya, na kuua zaidi ya watu 50. Wizara ya maji ya nchi hiyo ilieleza kuwa njia ya maji chini ya reli ilikuwa imezibwa na uchafu. Kalavati lililozibwa kijijini ni jambo la kuripotiwa kwa mwenyekiti wa LC1 na ofisi ya wilaya kabla ya msimu wa mvua kufika kileleni.

Panapotokea dharura nchini Uganda, polisi hupatikana kwa namba 999 au 112. Taja jina la kijiji, jina la mto na upande ambao watu wamekwama. Kisha wazuie wengine wasikaribie maji hadi msaada ufike.