Nani abaki? Historia ya vocha ya kiti

Umetoka Geita alfajiri, umefika uwanja wa ndege Mwanza, unaambiwa viti vimeisha. Tiketi si unayo? Mashirika huuza tiketi kuzidi viti, maana wengine hawatokei.

Marekani, zamani, shirika lilichagua lenyewe nani aachwe. Mwaka 1972 akaachwa mwanaharakati Ralph Nader (walimchokoza mtu siyo!), kesi ikafika Mahakama ya Juu. Lakini tangu 1968 mchumi Julian Simon alishapendekeza: kila abiria aandike kwenye bahasha anataka shilingi ngapi ili abaki, wa bei ya chini alipwe. Wakampuuza. Mwaka 1978 serikali ikaamuru watafutwe kwanza wanaojitolea.

Vocha ikazoeleka, nafuu kwa shirika kuliko taslimu. Lakini mchimbaji anayeruka mara moja kwa miaka mitatu, vocha ya mwaka mmoja ataitumia lini?