Injini za mvuke na dizeli katika uchukuzi wa mizigo

Ushindani wa mvuke na dizeli Afrika Mashariki ulionekana wazi zaidi kwenye reli ya Mombasa–Nairobi. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliiuzia reli ya Afrika Mashariki injini 34 za mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, zikapewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, ikichoma mafuta mazito, na iliweza kupandisha kutoka pwani treni ya tani 1,200. Mount Gelai, namba 5918, imehifadhiwa Nairobi.

Nguvu hazikukosekana. Kilichoziangusha injini hizi ni gharama.

Injini ya mvuke kwa kawaida hugeuza chini ya asilimia 10 ya nishati ya fueli kuwa kazi; dizeli huvuka asilimia 30. Mvuke huhitaji pia maji njiani, saa kadhaa za kuwashwa na usafishaji wa mabomba ya bwela. Hadi 1980 daraja la 59 lilikuwa limestaafu.

Mwaka 1981, Afrika Kusini, mhandisi David Wardale alikamilisha injini ya mvuke iliyoboreshwa, "Red Devil", iliyopunguza sana matumizi ya makaa na maji, lakini haikuzuia dizeli na umeme.

Leo kaskazini mwa Msumbiji hali inatofautiana. Awasse, katika mkoa wa Cabo Delgado, haina reli. Mizigo hupita barabarani. Kusini zaidi, kwenye ukanda wa Nacala, makaa ya mawe ya Moatize huvutwa hadi bandarini na injini za dizeli.