Vishikwambi vya Tanga

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, huku akitunga mashairi.

Mwishoni mwa 2017 mkoa wa Tanga ulipata wanafunzi wa aina mpya. Shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Google ilitoa vifaa, vituo vya umeme wa jua vikavichaji, na programu za timu tano zilizoshindana zikafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Mei 2019, timu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Watoto walijifunza herufi, maneno na hadithi fupi, na hilo si jambo dogo. Lakini utunzi wa pwani, alikotoka Shaaban Robert, ulikua kwa malumbano: huyu atunge, yule ajibu, wasikilizaji wapime vina na mizani. Watengenezaji wa programu zijazo wawape watoto nafasi ya kujibizana kwa beti, na malenga wa Tanga waitwe mezani tangu siku ya kwanza.