Askari wa Muungano, Hospitali ya Zanzibar: Nani Agharamie Afya ya Akili ya Polisi wa Pemba?

Tangu Julai 2023, Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipokabidhi ripoti yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan, pendekezo lililozungumzwa sana ni lile la jina: Jeshi la Polisi libaki jeshi au liwe Huduma ya Polisi? Jina lina uzito wake, wala sidharau pendekezo hilo. Ila atakayebadilishiwa jina ni askari yuleyule, na hali ya akili yake haijapewa katika mjadala huo nafasi inayoistahiki. Makala haya yanalitazama suala hilo kutokea Pemba, ambako kuna ugumu ambao Dar es Salaam au Mwanza haupo. Mwenye kumwajiri askari ni serikali moja, na mwenye hospitali ni nyingine.

Chanzo cha ugumu huo ni cha kikatiba. Polisi imo katika orodha ya mambo ya Muungano tangu yalipokuwa 11 tu katika Hati za Muungano za 1964, na imebaki katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Afya haimo. Kwa hiyo mshahara, sare na silaha za askari wa Wete hupitishwa na Bunge mjini Dodoma, chini ya fungu 28, la Jeshi la Polisi. Akikosa usingizi kwa wiki tatu na kuanza kumpiga mkewe, mlango ulio karibu naye ni wa hospitali inayoendeshwa kwa bajeti inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Zanzibar iko Kidongo Chekundu, Unguja, ng'ambo ya bahari. Askari wa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, anayefanya doria ufukwe huohuo wa Pemba hana mgawanyiko huu, kwani mwajiri wake na mwenye hospitali ni Serikali ya Mapinduzi. Wa Polisi amekaa kwenye mshono wa nguo, na mshono ndipo nguo inapofumukia.

Hali hii haiko Zanzibar peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010 iliacha Polisi kwa serikali ya taifa na kuzipa kaunti huduma za afya, na jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga la 2023 lililazimika kuujadili ustawi wa askari pamoja na mageuzi ya utendaji wao. Tofauti ni kwamba askari wa Lamu bara anaweza kusafiri kwa barabara hadi hospitali ya kaunti nyingine. Wa Micheweni ana boti.

Kwamba kazi ya polisi huumiza akili halina ubishi mkubwa katika maandiko. Wala hakuna ubishi kwamba uhamisho wa ghafla, zamu ndefu na mkubwa asiyesikiliza vinaweza kumchosha askari sawa na matukio ya damu. Ubishi ni juu ya tiba iwekwe wapi. Kuna hoja isikikayo mara nyingi kwamba jambo hili ni la ndani ya Jeshi: wateuliwe maofisa wenye busara, wapewe mafunzo mafupi ya ushauri nasaha, waitwe masheikh na mapadri, na baada ya kila tukio zito kikosi kikusanywe kizungumze mara moja, basi. Hoja hii ina mvuto kwa sababu ni rahisi kwa gharama na inalinda heshima ya Jeshi. Naipinga kwa sababu mbili. Kwanza, mazungumzo ya mkupuo mmoja baada ya tukio yamepimwa. Mapitio ya Rose na wenzake (2002) hayakupata ushahidi kwamba yanazuia kiwewe, na yalionya kwamba yanaweza kudhuru. Pili, Haugen na wenzake (2017), walipokusanya tafiti kuhusu askari na waokoaji, waliona kwamba miongoni mwa vikwazo vilivyotajwa mno ni hofu ya siri kuvuja na hofu ya kuharibu kazi. Koplo hatamfungulia moyo mkaguzi anayeandika ripoti yake ya kupanda cheo. Anajua kwamba akitamka neno "kujiua" atanyang'anywa silaha leo, na kesho kambi nzima itajua kwa nini.

Sasa nije kwenye ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote, nao hautoki katika maandiko ya nje. Uko Chake Chake. Katika hospitali ya mji huo kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, kilichoanzishwa kwa ajili ya waliofanyiwa udhalilishaji wa kijinsia. Mantiki yake ni kwamba mtoto aliyeumizwa asizungushwe kutoka kituo cha polisi hadi kwa daktari hadi kwa ustawi wa jamii, akisimulia upya kila mlango. Daktari, mshauri nasaha na askari wanamkuta chini ya paa moja. Tukiutazama mpangilio huo kwa jicho la katiba, tunaona jambo lisilosemwa: mtumishi wa Muungano anafanya kazi ndani ya jengo la Wizara ya Afya ya Zanzibar, na Muungano haujatikisika. Wanaosema kwamba mgawanyo wa mamlaka unazuia huduma ya pamoja wanapaswa kwanza kulieleza jengo hilo.

Kituo hicho kinaonesha jambo la pili, lenye uchungu zaidi. Mtoto anaposimulia, masikio yanayosikiliza ni zaidi ya mawili. Askari anaandika maelezo: nani, lini, wapi, mara ngapi. Kesho anaandika mengine. Mara nyingi aliyetajwa ni jamaa au jirani, na baada ya muda familia huja kuomba yaishe kwa sulhu, shahidi akageuka, kesi ikafa mikononi mwa askari aliyekwisha kuyasikia yote. Mpango wa kituo unamweka mshauri nasaha hapo kwa ajili ya mtoto, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa askari, mtaalamu huyo yuko hatua chache tu, lakini kazi yake imeelekezwa kwa mwingine. Hapa huduma kwa askari haihitaji jengo jipya wala sheria mpya. Inahitaji mshahara wa mtaalamu wa pili, chumba chenye mlango wa pembeni, na fedha ya kuvilipia.

Fedha hiyo itoke Dodoma. Ninasema hivi nikijua kwamba mjadala wa mapato na matumizi ya Muungano, ule wa Ibara za 133 na 134 kuhusu akaunti na tume ya pamoja ya fedha, umedumu miaka mingi. Suala letu halihitaji kuusubiri. Maradhi yanayotokana na kazi ya Muungano ni gharama ya kazi hiyo, sawa na risasi na mafuta ya gari. Kuiachia Zanzibar ilipe ni kuitaka serikali yenye watu 1,889,773, kwa sensa ya 2022, itoe ruzuku kwa jeshi lisilo lake.

Pingamizi zito zaidi latoka Pemba kwenyewe, na ni la haki. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, ilihesabu waliouawa kuwa wasiopungua 35, na wengi walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nyuma ya siku hiyo kuna kumbukumbu ndefu zaidi, ile ya siku za bakora baada ya Mapinduzi, ambayo Nathalie Arnold Koenings ameeleza jinsi inavyoishi katika masimulizi ya Wapemba. Mjane wa Micheweni ana haki ya kuuliza: aliyempiga risasi mume wangu ndiye atakayetafutiwa daktari, na mimi je?

Sina jibu litakalomridhisha, na sidhani anastahili kuambiwa asubiri. Lakini swali lake linazidi kuthibitisha kwamba huduma hii isijengwe ndani ya kambi. Ikiwekwa Ziwani, makao makuu ya Polisi Zanzibar, au katika laini za polisi, itakuwa ya askari peke yao na yeye hataifikia kamwe. Ikiwekwa Wete, Chake Chake na Mkoani, katika hospitali za umma, fedha ya fungu 28 itamleta Pemba mtaalamu ambaye kwa saa zilizobaki atamhudumia yeye na mwanawe. Kisiwa cha watu 543,441 kitakuwa kimepata kitu kutokana na Polisi ambacho hakijakizoea. Tena siku ile, huko Micheweni, aliuawa askari pia. Wenzake waliobaki waliendelea kushika silaha katika chaguzi zilizofuata. Hofu isiyotibiwa ikikutana na umati na bunduki, anayelipa ni raia. Kwa hili sioni haja ya kulegeza kauli: mageuzi ya Polisi Pemba yasiyogusa akili ya askari hayatazuia damu.

Kuna wanaosema pia kwamba Pemba ina tiba zake: kisomo, kombe, waganga wanaosifika hadi ng'ambo. Nisula (1999) na Larsen (2008) wamekwisha kuonesha kwamba Wazanzibari wengi hutumia hospitali na tiba hizo bila kuona mgongano, kwa hiyo hapa hakuna ugomvi. Tatizo ni kwamba kisomo huja na jamaa. Askari aliyezaliwa Konde anaye mjomba wa kumpeleka. Aliyeletwa kutoka Musoma au Songea, mara nyingi asiye Mwislamu na asiyefahamu Kipemba, hana wa kumsindikiza, na katika mitaa inayomkumbuka mtangulizi wake wa 2001 hana hata wa kunywa naye kahawa barazani.

Kwa bajeti ijayo ninapendekeza kifungu kimoja chini ya fungu 28, kilichotajwa kwa jina la Pemba, kinacholipwa kwa Wizara ya Afya ya Zanzibar kwa makubaliano ya maandishi. Makubaliano hayo yataje kwamba daftari la wagonjwa halitaandika cheo wala namba ya askari. Kwamba mke au mume na watoto wanahudumiwa kwa fedha hiyohiyo. Kwamba anayetoka zamu ya usiku atapokewa asubuhi bila barua ya mkubwa wake. Kamanda wa mkoa apewe jibu moja tu, nalo ni kama askari anafaa kukabidhiwa silaha kwa sasa au hafai. Sababu ibaki kwa daktari.