Ua la Kamomili katika Mchoro na katika Foto: Historia yake na Fundisho kwetu

Utangulizi

Pengine utajiuliza: kamomili inatuhusu nini sisi watu wa Kivu? Si mmea wa kwetu. Haumo katika dawa za wazee wetu, wala hauna jina katika lugha zetu za kijiji. Ni kweli. Kamomili ni mmea wa Ulaya na Asia ya magharibi, na kwetu ilifika ndani ya kartoni za chai. Lakini somo letu lilianzia juu ya kartoni hiyo hiyo.

Siku moja mama wa mwanafunzi wetu alikuja shuleni, mkononi ameshika kartoni tupu ya chai ya kamomili. Alitusalimu, kisha akatuonyesha picha iliyochapwa juu yake: ua lenye petali nyeupe na moyo wa manjano. «Mwalimu, hii si piretre? Kama ni piretre, mimi niko nayo shamba nzima. Mutoto analia tumbo usiku. Nilisema nichemshe maua yangu, nisinunue tena.»

Tuliitazama kartoni ile mbele, tukaigeuza nyuma. Kusema ukweli, hatukuweza kumjibu palepale. Picha ilionyesha uso wa ua tu: hakuna jani, hakuna shina, hakuna mzizi. Tulimwambia: «Mama, usichemshe kitu kwanza. Utupe siku mbili.»

Siku mbili zile zilitupeleka mbali. Tulitaka kujua kitu kidogo, tofauti ya maua mawili, kumbe tukaingia katika historia ya karne nyingi: historia ya watu waliotafuta namna ya kuweka mmea juu ya karatasi ili mtu wa mbali autambue bila kukosea. Ndiyo tunayotaka kuwaeleza hapa.

1. Jina moja, mimea miwili

Tuanze na jina. Kamomili ni neno lililotoka katika Kigiriki, na maana yake ni «tofaa la chini», juu ya harufu ya ua hilo inayofanana na ya tofaa. Waspanyola nao wanaiita «tofaa dogo» katika lugha yao.

Lakini jina hilo linabeba mimea miwili. Wa kwanza ni kamomili ya Kijerumani, ambayo wataalamu wanaiita Matricaria chamomilla. Inaota, inachanua na kufa katika mwaka mmoja. Wa pili ni kamomili ya Kiroma, Chamaemelum nobile, inayoishi miaka mingi na kutambaa karibu na udongo. Ukiyaona maua yao kwa mbali, utasema ni ndugu mapacha. Ukipasua moyo wa manjano kwa wembe, utaona tofauti: wa ile ya Kijerumani ni mtupu ndani, kama mrija, wa ile ya Kiroma umejaa.

Tuongeze jambo moja ambalo wanafunzi wetu hushangaa nalo kila mwaka. Kile tunachokiita ua la kamomili si ua moja. Ni kijiji cha maua. Moyo wa manjano una maua madogo mengi sana yaliyokazana, na kila «petali» nyeupe ni ua lake lenyewe. Jamaa hii ya mimea ni kubwa: alizeti imo, piretre imo, hata mbirizi wetu mchungu imo. Basi mchoraji wa kamomili ana kazi ngumu. Asipoonyesha undani wa ua, hajaonyesha kitu.

2. Wakati wa kunakili nakala

Mganga Mgiriki Dioscorides, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kitabu kikubwa juu ya dawa za mimea, na kamomili imo ndani yake. Kitabu hicho kilinakiliwa kwa mkono miaka zaidi ya elfu moja. Nakala moja maarufu ilitengenezwa Constantinople karibu na mwaka 512, kwa heshima ya binti wa ukoo wa wafalme, Anicia Juliana. Ina picha karibu 400 za mimea, nyingi zimechorwa vizuri ajabu. Leo imehifadhiwa Vienna, katika maktaba ya taifa la Austria.

Shida ilikuja baadaye. Mtu wa karne iliyofuata hakwenda shambani kuutazama mmea. Alichora kwa kutazama mchoro wa mwenzake. Aliyemfuata akachora kwa kutazama mchoro wa huyo. Kila mkono ulipunguza kitu: jani likanyooka, mzizi ukafupika, ua likawa duara tu lenye miale sawa na jua la watoto. Mwishoni picha ilibaki pambo. Mganga aliyeishika hakuweza kutoka nayo porini na kurudi na mmea wa kweli.

Hapo tulikumbuka kartoni ya yule mama. Nayo ilikuwa pambo.

3. Wachoraji wanarudi shambani

Mageuzi yalitokea katika karne ya 16. Mwaka 1530 kitabu cha Otto Brunfels kilichapwa Strasbourg, na michoro ya Hans Weiditz. Huyu alichora mimea kama alivyoiona, hata jani lililokauka au lililoliwa na mdudu.

Mwaka 1542, mjini Basel, Leonhart Fuchs alitoa kitabu chake chenye picha zaidi ya 500, na kamomili imo. Fuchs aliweka sharti: kila mmea uonyeshwe mzima, pamoja na mizizi, shina, majani, maua na mbegu. Tena hakutaka mchoraji ajionyeshe kwa vivuli na mapambo, juu vivuli vinaweza kuficha umbo la jani. Na jambo lililotugusa: mwisho wa kitabu aliweka sura za wafanyakazi wake watatu. Albrecht Meyer alichora mmea, Heinrich Füllmaurer alihamisha mchoro juu ya ubao, Vitus Rudolph Speckle alichonga ubao huo kwa kisu. Ni mara chache katika historia fundi wa mkono kupewa heshima kando ya mwenye elimu.

Wakati ule ule, Italia, Luca Ghini alizoesha wanafunzi wake kukausha mimea katikati ya karatasi. Ndio mwanzo wa herbario. Lakini kamomili iliyokaushwa inapoteza umbo: moyo unalala, petali zinakunjana, rangi inafifia. Ndiyo maana herbario haikuua mchoro. Vilisaidiana.

4. Mama aliyechora kwa ajili ya deni

Tukiwafundisha wanafunzi historia hii, kuna mtu mmoja ambaye hawamsahau: Elizabeth Blackwell. Mume wake, Alexander, alifungwa gereza London kwa sababu ya madeni. Mama huyu alisikia kwamba waganga wanahitaji kitabu kipya cha mimea ya dawa. Alihamia karibu na bustani ya dawa ya Chelsea, akaanza kazi. Kwa kawaida kazi hiyo ilihitaji watu watatu: wa kuchora, wa kuchonga bamba la shaba, na wa kupaka rangi. Yeye alifanya zote tatu. Kati ya 1737 na 1739 alitoa picha 500, kidogo kidogo, kila juma chache, na kamomili ni mmoja wa mimea yake. Fedha za kitabu zilimtoa mume wake gerezani.

Bamba la shaba lilileta faida gani? Ubao wa mti unataka mistari minene. Shaba inakubali mstari mwembamba sana, na kamomili ya Kijerumani ina majani membamba kama nyuzi. Sisi wa Kongo tunaijua shaba kwa njia ya migodi; ni vizuri kukumbuka kwamba iliwahi pia kutumika kubeba majani ya kamomili.

Baadaye jiwe lilichukua nafasi ya shaba. Ilipofika 1887, mjini Gera katika Ujerumani, nyumba ya uchapishaji ya Köhler ilianza kutoa kitabu cha mimea ya dawa chenye picha za rangi zilizochapwa kwa mawe, rangi moja moja juu ya ingine. Ukurasa wake wa kamomili ya Kijerumani ungali unatumika hata leo. Katikati kuna mmea wenyewe. Pembeni kuna vipande: ua dogo la manjano lililokuzwa, ua jeupe peke yake, na moyo uliopasuliwa katikati, mtupu ndani. Yule mama wa shule yetu angeshika ukurasa huo, asingehitaji mwalimu.

5. Foto inaingia

Watu wengi wanafikiri kwamba foto ilipovumbuliwa, mchoraji alikosa kazi. Sivyo. Tuone.

Mwaka 1842 John Herschel alipata njia ya kutengeneza picha za buluu kwa chumvi za chuma na mwanga wa jua. Mwaka 1843 mwanamke Mwingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha mimea ya bahari kwa njia hiyo, na kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza chenye picha za foto. Hakuna aparei: unalaza mmea juu ya karatasi iliyopakwa dawa, unaiacha juani, unaosha kwa maji. Fasi iliyofunikwa inabaki nyeupe, ingine inakuwa buluu. Ni nzuri sana kwa mmea mwembamba. Lakini ukilaza kamomili, unapata kivuli chake tu.

Aparei nayo ilikuwa na kasoro yake. Dawa za foto za zamani zilisikia mwanga wa buluu, hazikusikia vizuri manjano wala nyekundu. Kwa hiyo ua la kamomili lilitoka na petali nyeupe na moyo mweusi, sawa na jicho. Foto haikusema uongo kwa kusudi. Ilikuwa kipofu kwa rangi. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba ukitia rangi fulani ndani ya dawa hiyo, inaanza kusikia rangi zingine. Kisha, mwaka 1907, ndugu Lumière wa Ufaransa walianza kuuza vioo vya foto za rangi, na unajua walitumia nini? Unga wa viazi ulaya! Chembe ndogo ndogo za viazi, zilizotiwa rangi ya machungwa, kijani na zambarau. Basi manjano ya kamomili iliweza kuonekana katika foto, kwa msaada wa kiazi.

Na kulikuwa mwalimu, Karl Blossfeldt, aliyefundisha katika shule ya sanaa Berlin. Kwa miaka mingi alipiga foto za matumba, majani na mashina kwa aparei aliyoitengeneza mwenyewe, akiyakuza mara nyingi, ili wanafunzi wake wajifunze umbo. Mwaka 1928 zilitoka katika kitabu chenye foto 120, na dunia ikashangaa. Yeye hakutafuta sifa. Alitafuta kifaa cha kufundishia. Sisi walimu tunamwelewa.

Hata hivyo wataalamu wa mimea wanaendelea kuchora. Foto inaonyesha mmea mmoja, wa siku moja, pamoja na kasoro zake. Mchoro unaweza kukusanya katika ukurasa mmoja chipukizi, ua, mbegu na mzizi, vitu ambavyo shambani havionekani saa moja.

6. Tulichomjibu yule mama

Siku ya tatu tulimwita. Tulichora ubaoni, kwa chaki, mimea miwili kando kwa kando. Kamomili: majani kama nyuzi, maua madogo mengi juu ya mmea mmoja, petali zinazoinama chini ua likizeeka, moyo uliosimama kama kichuguu na mtupu ndani, harufu ya tofaa. Piretre: majani mapana zaidi yenye rangi ya majivu, ua kubwa zaidi, moja juu ya shina refu, na moyo wa bapa.

Piretre tunaijua tangu wakati wa Wabeleji katika milima ya Kivu. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita pareto. Inalimwa kwa sababu ina dawa ya kuua wadudu. Wavunaji wenyewe wanajua inavyowasha ngozi. Si ya kumnywesha mtoto.

Mama alitazama ubao kimya, kisha akasema: «Kumbe walitakiwa kuweka na majani yake juu ya kartoni.» Tulimshauri ampeleke mtoto kwa muuguzi, naye akafanya hivyo. Lakini neno lake lilibaki nasi. Katika sentensi moja alisema alichokisema Fuchs mwaka 1542.

Mwisho

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Mbirizi, na mimea mingine ambayo mama zetu wanaitumia kila siku, nani ameichora, mizizi na mbegu, pamoja na jina lake la kijiji na matumizi yake? Kazi ilianzishwa: herbario ya Yangambi ipo, na vitabu vya mimea ya Kongo vilianza kutolewa mwaka 1948. Mimea mingi ya inchi yetu imelala katika bustani ya Meise, Ubelgiji, ambako karatasi zaidi ya milioni moja za herbario zimekwisha kupigwa foto. Ni kazi ya maana. Lakini karatasi ya herbario haibebi kila neno la bibi anayejua ni jani gani linachumwa asubuhi na lipi linaua. Bibi huyo akifa, ukurasa wake unafungwa.

Kamomili haina nguvu kuliko mimea yetu. Ilipata tu watu waliorudi shambani, wakaitazama, wakaichora nzima. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu jambo dogo: kila darasa, kila mwaka, mmea mmoja. Uchorwe na mizizi yake, upigwe foto kama kuna simu, jina lake liandikwe kama mzee alivyolitamka. Na mwanafunzi asinakili mchoro wa mwenzake. Aende shambani.